Aliyekaa Nyuma ya Kamera

Kila Januari inapoyoyoma, mji wa Göteborg, ulio magharibi mwa Uswidi, hufurika watu walio radhi kuvumilia baridi na giza ili watazame sinema. Tamasha la filamu la mji huo lilianzishwa mwaka wa 1979, na tangu hapo limekua hadi kuwa jukwaa kuu la filamu za nchi za Kaskazini ya Ulaya, yaani Uswidi, Norwe, Denmaki, Ufini na Aislandi. Tuzo zake huitwa Tuzo za Joka, kwa sababu ukumbi wake mashuhuri, uliofunguliwa mwaka wa 1956, huitwa Draken, na neno hilo kwa Kiswidi maana yake ni joka. Kwa miaka kadhaa tuzo kuu ya filamu bora ya Kaskazini iliandamana na kitita cha kronor milioni moja, fedha ambazo zingemfanya hata mtawa ageuke nyuma kutazama.

Watazamaji wakiwa kumbini, biashara nayo huendelea pembeni. Kuna soko la filamu ambako wanunuzi, wasambazaji na wateuzi wa matamasha mengine huonyeshwa vipande vya filamu ambazo hata hazijakamilika, wakapatana bei au wakaondoka mikono mitupu. Soko hilo ndilo huamua ni filamu ipi itavuka mipaka ya nchi yake na ipi itafia nyumbani.

Miongoni mwa tuzo zitolewazo huko, kuna mbili zilizobeba majina ya marehemu wawili waliofanya kazi pamoja. Ya kwanza, wapewayo waelekezi wa kimataifa kwa filamu zao za kwanza, ina jina la Ingmar Bergman. Ya pili hupewa mpigapicha, yule mtu ashikaye kamera na kupanga mwanga, nayo ina jina la Sven Nykvist. Nimeandika safu hii kwa ajili ya huyu wa pili, na nakiri kwamba kilichonichokoza ni ubishi uliozuka katika chumba cha walimu. Mwenzangu mmoja, mwalimu wa fasihi tena msomi wa kuheshimika, alishikilia kwamba mpigapicha ni fundi tu, kama seremala au fundi wa bomba, na kwamba kumpa tuzo yenye jina lake ni kuwachanganya mafundi na wasanii. Kengele ililia kabla sijapata la kumjibu. Hili hapa, basi, ndilo jibu langu.

Sven Nykvist alizaliwa tarehe 3 Desemba 1922 katika kijiji cha Moheda, mkoa wa Småland, kusini mwa Uswidi. Wazazi wake walikuwa wamishonari, na sehemu kubwa ya maisha yao waliitumia Kongo, iliyotawaliwa wakati huo na Wabelgiji. Mtoto aliachwa Uswidi alelewe na jamaa. Wazazi wake aliwaona kwa nadra sana. Sisi katika bara hili tumezoea kuisoma historia ya wamishonari kwa upande wetu: shule walizojenga, zahanati walizofungua, mila walizozipiga vita. Ni mara chache sana tumewahi kuuliza juu ya watoto wao waliobaki nyuma. Wana wa wengine walifundishwa alifabeti na kusomewa Injili na watu ambao mwana wao mwenyewe alikuwa akilala katika nyumba isiyo yao. Siwahukumu wazazi hao, kwani waliamini kuwa wameitwa. Lakini sikubali pia kwamba gharama hiyo haikuwa na mlipaji. Mlipaji alikuwa mtoto.

Baba huyo alikuwa mpenzi wa kupiga picha, hasa za wanyama wa Afrika. Yamkini ndipo mapenzi ya mwanawe kwa kamera yalipochipuka. Mtoto asiyemwona baba yake ila kwa nadra anaweza walau kuona kile ambacho baba yake amekiona.

Ujanani Nykvist alikuwa mwanamichezo, na filamu yake ya kwanza kabisa haikuwa na nia yoyote ya usanii. Alijipiga picha akiruka juu, ili achunguze makosa yake na kuirekebisha mbinu yake ya kuruka. Baada ya mwaka mmoja katika shule ya upigaji picha ya Stockholm aliingia katika kazi ya filamu akiwa na umri wa miaka 19. Mwaka wa 1943, vita vikuu vikiwa vimepamba moto, alikwenda Italia kufanya kazi katika studio za Cinecittà, akarejea kwao miaka miwili baadaye. Mwaka wa 1945 alikabidhiwa kamera kama mpigapicha kamili kwa mara ya kwanza.

Miaka iliyofuata alipiga filamu nyingi ndogo ndogo ambazo leo hazikumbukwi. Alifika pia Kongo walikokuwa wazazi wake, akapiga picha za wanyama na watu. Hapa sina budi kusema wazi lisilonipendeza. Moja ya filamu zilizotokana na safari hizo ilipewa jina linalohusu nyayo za mganga wa kienyeji, na jina hilo peke yake latosha kutuonyesha macho yaliyokuwa yakitazama. Yalikuwa macho ya mgeni, tena mgeni aliyezaliwa na wamishonari, na mwanga wake mzuri haukumwondolea ugeni huo. Mtu anaweza kuimulika sura bila kumfahamu mwenyewe. Mwanafunzi anayetaka kumtukuza Nykvist asiliruke jambo hili, na anayetaka kumtupa kwa sababu yake asubiri kwanza asikie yaliyofuata.

Alikutana na Bergman kikazi katika filamu iliyotoka mwaka wa 1953 juu ya watu wa sarakasi, naye akiwa mmoja tu wa wapigapicha watatu. Ushirika wao wa kudumu ulianza na Jungfrukällan, yaani Chemchemi ya Mwanamwali, ya mwaka wa 1960, iliyotunukiwa Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Kabla yake Bergman alikuwa akitegemea zaidi ufundi wa Gunnar Fischer, bingwa wa vivuli vikali na weusi wa makaa. Nykvist alileta kitu kingine, na kitu hicho nitakieleza kwa mfano mmoja tu.

Mwaka wa 1963 ilitoka filamu iitwayo Nattvardsgästerna, inayomhusu mchungaji wa kanisa la kijijini ambaye imani imemtoka huku wajibu wa kuhubiri ukiwa bado shingoni. Kisa chote hutokea siku moja ya majira ya baridi, kwa saa chache za baada ya adhuhuri. Kabla ya kupiga picha hata moja, Bergman na Nykvist walikwenda kukaa katika makanisa ya kaskazini mwa nchi, kutoka saa tano mchana hadi saa nane, wakitazama tu jinsi mwanga unavyobadilika. Waligundua kuwa siku ya mawingu ndani ya kanisa hakuna vivuli. Mwanga huingia kutoka kila upande na hautoki popote. Hivyo basi, taa za umeme zilipokuja kuwashwa, zililazimika kuiga mwanga huo usio na chanzo. Taa haikuelekezwa moja kwa moja usoni mwa mwigizaji. Ilipozwa kwanza, ikachujwa na kurudishwa kwa nyuso nyeupe ili ufike ukiwa laini. Mtazamaji asiyejua lolote juu ya taa huhisi baridi ya kanisa lile mifupani, na ukiwa wa mchungaji yule humwingia kabla hajatamka neno.

Namwomba mwenzangu wa chumba cha walimu aniambie ni kwa kipimo gani atautenga utungo wa namna hiyo na utungo wa mshairi. Mshairi huchagua neno moja akaacha kumi. Huyu alichagua nuru moja akaacha kumi, tena alikaa saa tatu akitazama ukuta kabla hajachagua.

Kutoka hapo alizidi kupunguza. Taa zikawa chache, mapambo yakawa machache, na uso wa binadamu ukachukua nafasi yote. Katika Persona ya mwaka wa 1966 nyuso za Liv Ullmann na Bibi Andersson hujaza kiwambo hata mtu akaona aibu kuzikodolea macho. Rangi zilipoingia, alichelea kwamba zingeharibu kila kitu, lakini katika Viskningar och rop, yaani Minong'ono na Vilio, ya dada watatu, mmoja wao akiwa mahututi, aliimulika nyumba yenye kuta nyekundu kwa mwanga mwingi wa madirishani, na kazi hiyo ikampa Oscar ya upigaji picha ya mwaka wa 1973. Ya pili aliipata kwa Fanny och Alexander, katika hafla ya mwaka wa 1984. Sherehe hizo nitazipita upesi, kwa kuwa sanamu za dhahabu zinafanana zote.

Tukio ambalo hunijia kila nifikiriapo kazi yake halikumletea sanamu yoyote. Mwaka wa 1985, katika kisiwa cha Gotland, Nykvist alipiga picha filamu ya Mrusi Andrei Tarkovsky iitwayo Offret, maana yake Dhabihu. Karibu na mwisho wake nyumba nzima ya mbao huteketea mbele ya macho yetu katika pigo moja refu lisilokatwa. Nykvist alitaka kamera zaidi ya moja. Tarkovsky alikataa. Nyumba ikawashwa, moto ukashika, na kamera ile moja ikakwama. Walipomaliza kuhangaika nayo, nyumba ilikuwa majivu na mkanda haukufaa. Mtu mwingine angekwenda zake, au angalau angewakumbusha wenzake kwamba aliwaonya. Nyumba ilijengwa upya kwa muda wa wiki mbili, gharama ikiwa kubwa, na safari hii kamera mbili zikawekwa kwenye reli mbili sambamba. Ikachomwa tena. Picha tuionayo leo ni ya nyumba ya pili. Tarkovsky alifariki Desemba 1986, na katika tamasha la Cannes la mwaka huohuo, miezi kadhaa kabla ya kifo hicho, Nykvist alitunukiwa kwa mchango wake wa kisanaa katika filamu hiyo.

Alifanya kazi Marekani pia, na Woody Allen miongoni mwa wengine, na aliingizwa katika chama cha wapigapicha wa filamu wa Marekani. Jumla ya filamu zake zilipita 120.

Lakini alipopata nafasi ya kuelekeza filamu yake mwenyewe uzeeni, hakutafuta kisa cha matajiri wa Stockholm wala New York. Alirudi Småland. Filamu hiyo, Oxen, yaani Maksai, ilitoka mwaka wa 1991 na kuteuliwa kuwania Oscar. Inasimulia njaa kuu ya miaka ya 1860, ambapo kibarua anayeona mkewe na mtoto wake wakidhoofika anamchinja maksai wa bwana wake, na nyama hiyo inamgeukia sumu moyoni. Nawashauri walimu wa historia waitafute. Wanafunzi wetu hudhani kwamba Uswidi ilizaliwa tajiri, na kwamba njaa ni kitu kilichobuniwa kwetu. Humo watawaona wakulima weupe wakiwa mbavu nje, na familia zikifungasha virago kuikimbia ardhi yao wenyewe.

Mwaka wa 1997 alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake, ambacho jina lake laweza kufasiriwa kuwa Heshima kwa Nuru. Mwaka uliofuata maradhi yalimlazimisha kuiacha kazi. Alikuwa amepatwa na ugonjwa wa ubongo uitwao afasia, ambao humnyang'anya mtu maneno kidogo kidogo: kwanza majina ya vitu, halafu sentensi, hatimaye hata uwezo wa kuwafahamu wasemaji. Macho yake yalikuwa yangali mazima.

Ndipo mwanawe Carl-Gustaf alipoishika kamera. Filamu yake juu ya baba yake ilitoka mwaka wa 2000, na jina lake lasema kwamba nuru ndiyo inayomfanya asiwe mpweke. Wenzake wa zamani wanazungumza humo, waelekezi na waigizaji, kila mmoja akimweleza anavyomjua, naye mzee anaonekana akitembea, akikaa, akiyatazama maji na madirisha. Alifariki tarehe 20 Septemba 2006, akiwa na umri wa miaka 83. Mtu aliyeanza kumjua baba yake kwa picha zilizopigwa Kongo alimalizia maisha yake akijulishwa kwa walimwengu na mwanawe, kwa picha vilevile, maneno yakiwa yamekwisha.

Mwenzangu nimemwazima nakala ya filamu hiyo. Hajairudisha, na jana niliwasikia wanafunzi wake wakibishana kwa nini ukutani mwa darasa lao hakuna vivuli asubuhi ya mawingu.