ABDUL GHAFFAR KHAN: ALIYEWAFUNDISHA WAPASHTUNI KUACHA KISASI

Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri, mwaka huu tunawaletea habari za Abdul Ghaffar Khan, ambaye watu wake walimwita Bacha Khan. Alikuwa Mpashtuni, na Wapashtuni ni Waislamu wanaoishi Afghanistan na kaskazini magharibi ya Pakistan.

Alizaliwa mwaka 1890 katika kijiji cha Utmanzai, karibu na mji wa Peshawar, wakati nchi hiyo ikitawaliwa na Waingereza. Kaka yake alikwenda Uingereza kusomea udaktari, naye akawa tayari kumfuata. Mama yake alikataa, akihofia kumpoteza mtoto wa pili. Kijana akamtii mama yake, akabaki. Mwaka 1910 alifungua skuli kijijini kwao, akishirikiana na mwanachuoni Haji wa Turangzai.

Kwa nini alianza na skuli? Wapashtuni ni watu wakarimu sana. Hata adui akija kuomba hifadhi, humlinda. Lakini mila hiyo hiyo iliwataka walipe kisasi. Mtu akiuawa, jamaa zake walitafuta wa kumuua upande wa pili, na uadui ukarithiwa na watoto na wajukuu. Ghaffar Khan aliona kwamba ujinga na kisasi vinawamaliza watu wake.

Mwaka 1920 maelfu ya Waislamu wa India waliuza mali zao wakahamia Afghanistan, kwa uchungu wa yaliyoifika dola ya Khalifa wa Uturuki. Naye alihama nao. Wengi walirejea mafukara, na wengine walifia njiani. Aliporudi, mwaka 1921, alianzisha jumuiya ya kuwaelimisha Wapashtuni na skuli nyingine. Mwaka huo huo akatiwa jela.

Mwaka 1928 alitoa gazeti kwa lugha ya Kipashto, lililohimiza pia elimu ya wanawake. Mwaka 1929 likaja jambo kubwa zaidi: Khudai Khidmatgar, yaani Watumishi wa Mungu. Aliyejiunga aliapa kuwatumikia viumbe wa Mwenyezi Mungu, kusamehe, na kuacha kisasi. Walivaa nguo walizozitia rangi nyekundu, wala hawakubeba silaha. Aliwafundisha kuwa subira ndiyo silaha aliyoishika Mtume wetu (s.a.w.) alipoteswa Makka.

Mtihani ulifika upesi. Tarehe 23 Aprili 1930 alikamatwa, na watu wakakusanyika katika soko la Qissa Khwani, Peshawar. Askari waliwapiga risasi na wengi wakauawa. Watu waliozaliwa katika mila ya kisasi walisimama bila ya silaha.

Baada ya nchi kugawanywa mwaka 1947, jambo alilolipinga, serikali ya Pakistan nayo ilimfunga mara nyingi. Alikaa miaka kadhaa Afghanistan, na uzeeni akashuhudia msiba mwingine. Majeshi ya Urusi yaliingia Afghanistan mwaka 1979, na mamilioni ya watu wakakimbilia Pakistan na Iran. Kambini, mzee aliyezoea kupokea wageni barazani kwake alipanga foleni ya chakula. Sauti ya wazee ikafifia, ya wenye bunduki ikapanda.

Alifariki Peshawar tarehe 20 Januari 1988. Aliusia azikwe Jalalabad, Afghanistan. Vita vilisimamishwa kwa ajili ya maziko yake, na umati mkubwa ukavuka mpaka kumsindikiza. Hata hivyo, mabomu yaliripuka na watu wakafa. Na tarehe 20 Januari 2016, siku ya kumbukumbu yake, watu wenye silaha walivamia chuo kikuu chenye jina lake huko Charsadda na kuua wanafunzi na walimu.

Je, kazi yake ilipotea bure? Sisi hatuoni hivyo. Wapo waliosema kisasi kimo katika damu ya Mpashtuni na hakitoki. Yeye alionyesha kuwa ni mila tu, na mila hubadilishwa kwa elimu na imani. Vita huibomoa kazi hiyo, na ndiyo maana kila kizazi hulazimika kuianza tena.

Ndugu mwanafunzi, ukikosewa na mwenzako leo, mkumbuke mzee huyu kabla hujanyanyua mkono. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie sisi kuwa miongoni mwa wenye kusubiri. Amin.