Mwanafunzi mfanyakazi na saa ya Booker T. Washington

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya kutwa, nilimwadhibu mwanafunzi wa Kidato cha Tatu kwa kosa la kusinzia darasani. Nilimpimia sehemu ya uwanja afyeke nyasi, naye akafyeka bila kunung'unika. Majuma mawili baadaye nilipanda matatu mwendo wa saa tatu usiku, na utingo aliyeninyoshea mkono kudai nauli alikuwa ndiye yule mwanafunzi wangu. Aliniamkia kwa adabu, akanitafutia kiti. Yeye hakuona haya. Mimi ndiye niliyeona haya, kwa maana nilikuwa nimemwongezea kazi mtu ambaye tayari kazi ilikuwa imemlemea.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, kijana aliye shuleni afanye kazi ya ujira? Walimu wenzangu wamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza hushikilia kwamba mshika mawili moja humponyoka, na kwamba mwanafunzi aliyekwisha kuonja pesa hawezi tena kutulia na kitabu. Kundi la pili hudai kuwa kazi humkomaza kijana na kumfunza thamani ya shilingi, na kwamba watu wengi waliotukuka duniani walisoma huku wakitokwa na jasho. Hawa wa pili aghalabu humtaja Mmarekani mweusi Booker T. Washington, mtoto wa utumwani aliyekuja kuwa mwasisi wa chuo mashuhuri. Nami ningependa kumtaja leo, ila nataka tuyatazame maisha yake kwa ukamilifu, kwa kuwa naamini ile nusu isiyosimuliwa ndiyo yenye jibu.

Washington alizaliwa mwaka wa 1856 katika shamba moja la jimbo la Virginia. Mamake, Jane, alikuwa mpishi wa mwenye shamba. Babake alikuwa mzungu ambaye mtoto hakupata kumjua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka wa 1865 na watumwa wakawa huru, Jane aliwachukua wanawe akamfuata mumewe huko Malden, West Virginia, mahali palipokuwa na matanuri makubwa ya kuchemshia maji ya chumvi. Baba huyo wa kambo hakukawia kuwaingiza Booker na kakake John kazini. Mara nyingine kazi ilianza saa kumi alfajiri. Kila mpakiaji alikuwa na nambari yake ya kutia katika mapipa, na ya baba huyo ilikuwa 18. Tarakimu hizo mbili ndizo maandishi ya kwanza ambayo mtoto alijifunza kuyatambua, kabla hajajua herufi hata moja.

Mamake, ambaye mwenyewe hakujua kusoma, alimtafutia kitabu cha tahajia. Lakini shule ya watoto weusi ilipofunguliwa kijijini, baba wa kambo alikataa katakata kumwachilia, kwa sababu ujira wa mtoto ulikuwa umekwisha kuhesabiwa katika mapato ya nyumba. Booker alibaki tanurini akiwatazama wenzake wakipita asubuhi na jioni, na usiku akimwendea mwalimu amfunze. Mwishowe walipatana: afanye kazi tangu alfajiri hadi saa tatu asubuhi, aende shuleni, kisha arudi kazini kwa saa mbili au zaidi jioni.

Ni hapa ambapo kile kisa mashuhuri cha saa kilipotokea. Kazi ilikwisha saa tatu. Shule nayo ilianza saa tatu, na baina ya tanuri na shule palikuwa na mwendo. Kila siku mtoto alikuta somo limeanza. Basi akabuni hila. Katika ofisi ya kiwanda palikuwa na saa ambayo wafanyakazi wote, mia moja na zaidi, waliifuata. Akawa anausogeza mshale kutoka saa mbili na nusu hadi saa tatu, apate kuwahi darasa. Aliendelea hivyo asubuhi baada ya asubuhi, hata msimamizi akashuku na kuifungia saa ile ndani ya sanduku. Washington mwenyewe aliungama jambo hili katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka wa 1901.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, kama ushahidi wa werevu na bidii. Mimi sikicheki. Ninachokiona humo ni mtoto mdogo aliyegeuka mwizi wa nusu saa kwa sababu mabwana wawili, kazi na shule, waliidai saa moja, na hapakuwa na mtu mzima aliyeketi akazipatanisha saa hizo. Mwanafunzi wangu wa matatu naye alikuwa mwizi wa aina hiyohiyo, ila yeye aliuiba usingizi wake katika somo langu.

Baada ya matanuri ya chumvi kulikuja mgodi wa makaa ya mawe, na kazi hiyo Washington aliichukia kuliko zote. Aliogopa giza, aliogopa kupotea, aliogopa milipuko. Katika utu uzima wake aliandika kwamba watoto wanaoanza maisha migodini hudumaa mwili na akili, na baada ya muda hupoteza hata hamu ya kuwa kitu kingine. Wale wanaomtumia kama wakili wa kazi za utotoni yafaa wakumbuke ushahidi huu.

Mambo yalibadilika alipoajiriwa nyumbani kwa Bi. Viola Ruffner, mke wa mwenye mgodi, kwa mshahara wa dola 5 kwa mwezi. Bibi huyo alikuwa mkali. Alitaka usafi, alitaka kazi ifanywe kwa wakati, hakupenda visingizio. Vijana wengi walimkimbia. Hata hivyo alikuwa amewahi kuwa mwalimu, na akamruhusu kijana kwenda shuleni saa moja kwa siku katika miezi ya baridi, akamhimiza asome usiku. Ni katika nyumba hiyo ambapo Washington alianza kukusanya vitabu vyake vya kwanza, akavipanga ndani ya kasha kuukuu.

Mwaka wa 1872, akiwa na umri wa miaka 16, alifunga safari kwenda katika chuo cha Hampton, Virginia, ambacho alikuwa amewasikia wachimba makaa wawili wakikizungumzia. Kwa hesabu yake mwenyewe safari hiyo ilikuwa ya kilomita 800 hivi. Fedha zilimwishia mjini Richmond. Akalala chini ya njia ya mbao kandokando ya barabara, na mchana akapakua chuma melini mpaka akapata akiba ya kuendelea. Alifika Hampton akiwa na senti 50. Mtihani wake wa kuingia ulikuwa ni kufagia chumba kimoja. Alikifagia mara tatu, akakipangusa vumbi mara nne, na mwalimu, Bi. Mary Mackie, alipopitisha kitambaa chake cha mkononi juu ya meza na kuta asione vumbi, alimpokea. Mafunzo ya Bi. Ruffner yalikuwa yamemfungulia mlango.

Hapo Hampton alipewa kazi ya kutunza majengo. Malazi na chakula viligharimu dola 10 kwa mwezi, nazo alizilipa kwa sehemu kubwa kwa jasho lake. Aliamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, na kazi zake zilimchukua hadi usiku. Lakini tazama tofauti: karo yenyewe, dola 70 kwa mwaka, hakuilipa yeye. Mkuu wa chuo, Jenerali Armstrong, alimtafutia mfadhili aliyeilipa. Mwajiri wake na mwalimu wake walikuwa chini ya paa moja, na wote walikuwa na nia moja, kwamba kijana huyu asome.

Likizo yake ya kwanza inathibitisha jambo hili. Alikuwa anadaiwa na chuo dola 16, akaenda kufanya kazi katika mkahawa mmoja mahali paitwapo Fortress Monroe. Kumbe ujira ulizidi gharama ya chakula chake kwa kitu kidogo tu. Siku moja akaokota noti ya dola 10 chini ya meza. Kwa uaminifu akampelekea mwenye mkahawa. Naye akaitia mfukoni mwake. Likizo ikaisha na deni liko palepale. Aliyemwokoa ni mhasibu wa chuo, aliyekubali aendelee na masomo na kulipa atakapoweza. Bidii peke yake haikutosha.

Na yuko mtu mwingine ambaye watu humsahau. Booker alipokuwa Hampton, kakake John alibaki mgodini akiitunza jamaa na kumtumia kidogo alichoweza. Booker alipohitimu mwaka wa 1875 na kurudi Malden kufundisha, aliweka akiba akampeleka John naye Hampton. Deni hilo lilikuwa la haki, na lililipwa. Lakini ni akina John wangapi, hapa kwetu, ambao hubaki shambani au kibandani ili mdogo wao asome, na zamu yao isifike kamwe?

Mwaka wa 1881 Washington alianzisha chuo cha Tuskegee, Alabama, kwa wanafunzi 30. Wanafunzi walijenga madarasa yao wenyewe. Matanuri matatu ya matofali yaliharibika mfululizo, akaweka rehani saa yake kwa dola 15 ili wajaribu la nne, nalo likafaulu. Wazazi wengine walimjia wakilalamika kwamba waliwaleta watoto kusoma, si kubeba matofali. Wale wasiokuwa na kitu walifanya kazi saa 10 mchana na kusoma saa mbili usiku, huku ujira wao ukiwekwa akiba ya kulipia masomo ya mchana katika miaka ya mbele. Alipofariki mwezi wa Novemba 1915, chuo kilikuwa na wanafunzi wapatao 1,500.

Hakukosa wapinzani. Msomi W.E.B. Du Bois, mwaka wa 1903, alimlaumu kwa kuitukuza elimu ya mikono hata akaipunguzia heshima elimu ya juu na haki za kiraia. Ugomvi huo ulifika hadi kwetu. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyopendezwa na mtindo wa Hampton na Tuskegee, ilizuru Afrika Mashariki, na mwaka wa 1925 shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete kuwafunza walimu wa vijijini. Walowezi waliisifu elimu ya mikono kwa sababu zao wenyewe, kwani walihitaji vibarua. Wazazi wa Kiafrika hawakuwa wajinga. Wengi waliitilia shaka, na katika miaka ya 1930 watu wa eneo la kati walijenga shule zao huru kwa harambee. Walitambua kwamba kazi inayompeleka mtoto shuleni si sawa na kazi inayochukua mahali pa shule.

Hiyo ndiyo mizani ninayopendekeza kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi. Kabla ya kuisifu au kuilaani kazi ya kijana, tuulize: inapogongana na somo, kipi kinachopisha? Je, mwajiri anajua kwamba huyu ni mwanafunzi, na anajali? Je, ujira unaifikia karo, au unaishia katika chakula cha siku ileile kama ule wa mkahawani? Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na wa miaka 13 hadi 16 inamruhusu kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shuleni. Katiba ya 2010 nayo inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Booker hakuwa na ngao hizi. Si haki kumtaka mtoto wa leo aishi kana kwamba naye hana.

Kwa hiyo sisemi kijana asifanye kazi. Kuchuma kahawa au kusaidia dukani wakati wa likizo kunaweza kumfunza nidhamu ambayo mimi siwezi kumfunza kwa chaki. Ninalosema ni kwamba kazi hiyo ihitaji mtu mzima wa kuilinda saa ya masomo, na mtu huyo, mara nyingi, ni mwalimu.

Mimi sikuwa mtu huyo. Baada ya usiku ule wa matatu nilikusudia kumwita mwanafunzi wangu tuzungumze, nikaahirisha leo na kesho, na muhula uliofuata hakurudi. Siku hizi nikimwona mwanafunzi amelaza kichwa juu ya dawati, humwuliza kwanza alilala saa ngapi, na kabla ya kulala alikuwa wapi.