John Charnley, munganga aliyefukuza mikrobe kwa hewa

Kila tukifanya emisyo ya afya juu ya ugonjwa wa SS, swali moja linarudi. Damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa unakufa, kijana anaanza kuchechemea. Familia inachanga feza, anaenda mbali kuwekewa nyonga ya chuma, anarudi anatembea vizuri. Kiisha kidonda kinaanza kutoa usaha, na antibiotiki zinashindwa. Wasikilizaji wanauliza: je, ni dawa tu, ao kuko njia ingine?

Kuna munganga mmoja aliyemaliza miaka mingi juu ya swali hilo. Jina lake ni John Charnley, Mwingereza. Hakufika Katanga, lakini mtu yeyote mwenye nyonga ya kuwekewa, hata hapa Lubumbashi, ana deni kwake.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1911 katika mji wa Bury, karibu na Manchester. Baba yake alikuwa na duka la dawa, mama yake alikuwa muuguzi. Alisomea uganga Manchester. Wakati wa vita ya pili ya dunia alikuwa munganga wa jeshi, na kule Misri alipenda kukaa na mafundi wa karakana, wakitengeneza vyombo vya kushika mifupa iliyovunjika. Tabia hiyo ya fundi haikumtoka tena.

Vita ilipokwisha alifanya jambo ambalo mimi ningelikataa mbio: alimwomba munganga mwenzake ampasue mguu wake mwenyewe, ili ajifunze namna mfupa uliopandikizwa unavyoshika. Mikrobe ikaingia ndani ya mfupa, ikabidi apasuliwe tena. Basi usaha wa mfupa aliujua kwa mguu wake.

Alienda kufanya kazi Wrightington, lopitali ya zamani ya wagonjwa wa kifua kikuu. Huko njo alitengeneza nyonga yake: kichwa kidogo cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki, vyote vikishikishwa kwa sima ambayo wanganga wa meno walikuwa wanaijua. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha Teflon, ile ya sufuria zisizoshika chakula. Wagonjwa karibu 300 waliwekewa, na katika miaka michache ikalika. Alipasua tena watu wake, mmoja kwa mmoja. Alijiingiza hata vipande vya plastiki kwenye paja lake ili aone mwili unavyovipokea. Mwaka 1962 akapata plastiki ngumu zaidi, na hiyo njo ilidumu.

Lakini nyonga ilipokuwa nzuri, adui wa pili akabaki. Katika miaka ya kwanza, kati ya wagonjwa 100, kama 7 mpaka 9 walipata mikrobe.

Hapa tueleze kidogo. Nyama ya mwili iko na damu, na damu inaleta askari wa kinga na dawa. Chuma na plastiki hazina damu. Mikrobe ikitua juu yake, inashikamana na kujifunika kwa utelezi, sawa ule wa mawe ya mtoni. Dawa inafika kwa shida sana chini ya utelezi huo. Kwa hiyo vidudu vichache sana vinatosha kuharibu kazi yote.

Charnley aliwaza hivi: kama mikrobe inaanguka kutoka hewani siku ya kupasua, tusafishe hewa. Sisi wa Lubumbashi tunaweza kumwelewa. Kiangazi, ukipangusa meza asubuhi, saa sita vumbi jekundu limerudi. Katika chumba cha operasyo vumbi linatoka kwa watu wenyewe, ni magamba madogo ya ngozi yanayobeba mikrobe.

Alimtafuta Hugh Howorth, ambaye kampuni yake ilijua kazi ya kuondoa vumbi katika viwanda vya nguo. Pamoja walijenga kibanda ndani ya chumba cha operasyo. Hewa iliyochujwa ilishuka kutoka juu, ikasukuma ile chafu nje, mpaka karibu mara 300 kwa saa. Kiisha akavalisha wapasuaji nguo zinazofunika kichwa chote, na mpira wa kunyonya pumzi yao, mtu angesema wanaenda mwezini. Wenzake wengine walicheka. Yeye alihesabu: kufika mwaka 1970 hivi, mgonjwa chini ya mmoja kati ya 100 ndiye aliyepata mikrobe, na antibiotiki za kukinga hakuzitegemea.

Mwaka 1982 uchunguzi mkubwa ulitoka, lopitali 19, operasyo zaidi ya 8000. Hewa safi ilipunguza mikrobe kwa nusu, na pamoja na zile nguo ikapungua zaidi. Uchunguzi huo ulionyesha vilevile kwamba antibiotiki za kukinga zinasaidia, hata ikiwa Charnley hakuzipenda sana.

Leo wanganga wanabishana tena. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mashine hizo za hewa zisitumiwe kwa ajili hiyo, juu hesabu za karibuni hazikuonyesha faida. Kwetu, ambako umeme unakatika katikati ya kazi, pengine hiyo ni habari ya kutuliza. Shirika hilohilo linasisitiza mambo ya bei ndogo: mgonjwa aoge kabla, asinyolewe kwa wembe, ngozi ipakwe dawa yenye pombe. Na mikrobe ikiisha kuingia, vidonge peke yake havitoshi: kidonda kinafunguliwa, kinaoshwa na kukwanguliwa, ao nyonga inatolewa na ingine kuwekwa baadaye. Antibiotiki zinaendelea pembeni, mgonjwa asiziache.

Charnley alipewa cheo cha Sir mwaka 1977, akafa tarehe 5 Agosti 1982, mwezi mmoja tu baada ya uchunguzi ule kutoka. Wagonjwa wake aliwaomba, wakifa, nyonga irudi Wrightington ichunguzwe. Wengi walikubali.