REGINALD MOREAU: MHESABU VIOTA WA AMANI NA SOMO LAKE KWA NYUA ZA HURUMA

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na ndege mapema sana katika masomo yake. Humkuta kunguru mwoga katika methali, mwewe katika ngano, njiwa katika mashairi ya mapenzi, na chiriku katika maelezo ya mtu msemaji. Hata hivyo, mwanafunzi huyohuyo akitoka nje ya chumba chake mtaani Huruma, hapa Eldoret, na kumwona ndege wa manjano mwenye uso mweusi akifuma kiota kwenye mti wa ploti, aghalabu atasema tu kwamba ameona ndege. Akibanwa zaidi, ataongeza kwamba ni ndege mdogo. Lugha anayoisomea shahada inalo jina la ndege huyo, nalo ni kwera, lakini jina hilo limebaki kamusini.

Makala haya yanadhamiria kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyeishi katika Tanganyika ya kikoloni na kufanya kazi mbili ambazo kwa kawaida hazifanywi na mtu mmoja: aliwahesabia ndege mayai yao, na aliandika majina ambayo wenyeji waliwaita. Mtu huyo ni Reginald Ernest Moreau. Wataalamu wa ndege wanamjua vyema. Wataalamu wa Kiswahili, ambao pia wana deni kwake, humtaja kwa nadra.

Kutoka Meza ya Hesabu hadi Jangwani

Moreau alizaliwa mwaka 1897 huko Kingston upon Thames, Uingereza. Hakusoma chuo kikuu. Akiwa kijana wa miaka kumi na saba hivi aliingia utumishi wa serikali na kupangiwa ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi. Huenda angebaki kwenye daftari zile hadi kustaafu kama si maradhi. Alishikwa na baridi yabisi iliyomtesa viungo akiwa bado kijana, na mwaka 1920 akahamishiwa Cairo ambako hewa kavu ilitarajiwa kumfaa.

Misri ndiyo iliyomfanya mtazamaji wa ndege. Jangwa na bonde la Nile ni njia kuu ya ndege wanaohama kati ya Ulaya na Afrika, na mkaguzi huyu wa hesabu akaanza kuwaandika kwa nidhamu ileile aliyoizoea kazini: nani amepita, lini, na kwa idadi gani. Hukohuko alimpata mwenzi wake, Winifred Muriel Bird, ambaye jina lake la ukoo, kwa sadfa ya kupendeza, ndilo neno la Kiingereza lenye maana ya ndege. Walioana mwaka 1924. Tangu hapo kazi ya Moreau haiwezi kutenganishwa na ya Winifred. Makala kadhaa za uchunguzi wa viota zina majina yao wote wawili.

Amani

Mwaka 1928 Moreau alihamia Tanganyika. Rafiki yake wa Cairo, mtaalamu wa wadudu C. B. Williams, alikuwa amekwenda kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, na kwa msaada wake Moreau akapata nafasi huko. Amani iko katika milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza, mkoani Tanga. Wajerumani walianzisha kituo hicho mwaka 1902, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakakifufua kwa ajili ya utafiti wa kilimo wa Afrika ya Mashariki. Moreau hakuajiriwa kama mtaalamu wa ndege. Kazi yake ilikuwa ya ofisini, yaani mambo ya utawala, hesabu na maktaba. Ndege walikuwa shughuli ya ziada.

Lakini ziada hiyo ilizaa matunda mengi. Msitu wa Usambara ulikuwa na ndege ambao sayansi haikuwa imewaandika. Mwaka 1931 mtaalamu W. L. Sclater alimpa ndege mmoja mdogo wa msituni, wa jamii ya washonaji, jina la kisayansi la Artisornis moreaui kwa heshima ya Moreau. Mwaka 1938 Moreau mwenyewe alimpa ndege mwingine, wa milima ya Uluguru, jina la mkewe, na hadi leo jina winifredae limo katika orodha za ndege wa dunia.

Jambo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, lilifanyika karibu na nyumba. Wataalamu wengi wa wakati ule waliwapiga ndege risasi, wakawakausha na kuwapeleka katika majumba ya makumbusho. Moreau naye alikusanya kwa njia hiyo, kwani ndivyo sayansi ilivyokuwa. Hata hivyo, alitambua kwamba ndege aliyekufa hawezi kueleza jinsi anavyolea. Akaamua kuvikalia viota. Mbayuwayu waliojenga kwa tope kwenye majengo walichunguzwa kutwa nzima: dume amekuja saa ngapi, jike ameatamia kwa dakika ngapi, makinda wamelishwa mara ngapi. Hondohondo nao walichunguzwa. Jike wa ndege hawa huingia katika shimo la mti, mlango ukazibwa hadi ukabaki ufa mwembamba tu, kisha dume humlisha yeye na makinda kupitia ufa huo. Familia ya Moreau ilihesabu safari za dume na matunda aliyoyaleta.

Kazi kama hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja, sembuse mtu mwenye viungo vinavyouma na ofisi inayomsubiri. Waliokaa chini ya viota kwa saa nyingi walikuwa wasaidizi wa Kiafrika waliofunzwa kutazama na kuandika. Mashuhuri zaidi kati ya wasaidizi wa Moreau alikuwa Salimu Asmani, mjuzi wa ndege aliyewatafuta na kuwatambua. Mwanahistoria Nancy Jacobs, katika kitabu chake cha mwaka 2016 kuhusu watazamaji wa ndege barani Afrika, amemrudishia Salimu na wenzake nafasi yao. Hapa ndipo maisha ya Moreau yanapotulazimu kuuliza swali gumu. Jina la bwana liliingia katika jina la ndege na kusambaa duniani. Majina ya waliokaa chini ya mti, kwa sehemu kubwa, yalibaki katika shukrani za mwisho wa makala. Moreau hakuwaficha, na hilo ni la kumsifu. Lakini mfumo wa kikoloni haukuwapa kalamu, na msomi wa leo hana budi kulitaja hilo kila anapozitumia takwimu zao.

Swali la Mayai

Kutokana na viota hivyo Moreau aliona jambo lililomshangaza. Ndege wengi wa Afrika ya Mashariki hutaga mayai mawili au matatu, ilhali jamaa zao wa Ulaya hutaga manne, matano au zaidi. Mwaka 1944 alichapisha makala ndefu katika jarida la Ibis akilinganisha idadi ya mayai ya ndege wa Afrika na ya ndege wa maeneo mengine. Ilikuwa kazi ya mkaguzi wa hesabu kwelikweli.

Makala hayo yalichochea mjadala mkubwa. David Lack wa Oxford, katika miaka ya 1947 na 1948, alieleza kwamba idadi ya mayai hufuata uwezo wa wazazi wa kulisha makinda. Mchana wa kiangazi cha Ulaya ni mrefu, kwa hiyo muda wa kutafuta chakula ni mwingi. Wengine walidai kwamba katika nchi za joto maadui wa viota ni wengi, na mzazi anayepita mara chache kiotani hatambuliwi upesi. Mjadala huo haujafungwa hadi leo. Linalotuhusu sisi ni kwamba swali lenye uzito huo lilitokana na watu waliohesabu mayai katika viota vya kawaida.

Majina ya Ndege na Utani

Sasa tuingie katika uwanja wetu. Mwaka 1940, katika jarida la Tanganyika Notes and Records, Moreau alichapisha makala kuhusu majina ya ndege yanayotumiwa katika eneo la pwani ya kaskazini-mashariki ya Tanganyika. Miaka miwili baadaye alilirudia suala hilo katika jarida la chuo cha London cha taaluma za Mashariki na Afrika. Kwa mtazamo wa isimu, hatua hiyo ina maana kubwa. Moreau alikuwa na majina ya Kilatini mkononi, lakini aliona kwamba watu wa eneo lile walikuwa na mpangilio wao wa kuwagawa ndege, na kwamba mpangilio huo ulistahili kuchunguzwa. Kuna ndege ambao lugha huwapa jina moja moja kwa uangalifu, na kuna wengine ambao hukusanywa chini ya jina moja. Tofauti hiyo hutufahamisha ni nini jamii ilikitazama kwa karibu na kwa sababu gani.

Masikio hayohayo yaliyosikiliza majina ya ndege yalisikiliza pia mazungumzo ya watu. Mwaka 1941 Moreau aliandika makala kuhusu utani katika Tanganyika, kisha akaandika tena juu ya mada hiyo katika jarida la Africa mwaka 1944. Alionyesha jinsi makabila yalivyotaniana, na jinsi mtani alivyokuwa na haki na wajibu, hasa msibani. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaouchambua utani kama utanzu watafaidika kujua kwamba miongoni mwa walioanza kuuandika kitaaluma alikuwamo mhesabu viota huyu.

Oxford na Miaka ya Mwisho

Afya ilimrudisha Uingereza katikati ya miaka ya 1940. Alijiunga na taasisi ya utafiti wa ndege ya Edward Grey huko Oxford, akawa mhariri wa Ibis kuanzia mwaka 1946 hadi 1960. Mtu asiyekuwa na shahada akawa ndiye anayeamua ni makala gani za maprofesa zichapishwe, na baadaye Oxford ikamtunukia shahada ya heshima. Mwaka 1966 kilitoka kitabu chake kikuu kuhusu ndege wa Afrika na visiwa vyake. Alifariki mwaka 1970. Kitabu chake cha mwisho, kuhusu ndege wanaohama kati ya Ulaya, Asia na Afrika, kilichapishwa mwaka 1972, na ndani yake alikadiria kwamba ndege wa nchi kavu wapatao bilioni 5 huingia Afrika kila msimu wa kuhama. Daftari lililofunguliwa Misri likawa limefungwa.

Somo kwa Nyua za Huruma

Huruma haina msitu wa Usambara. Ina nyumba zilizobanana, ua la kayaba hapa na pale, mparachichi nyuma ya ploti, nyaya za umeme na kamba za kuanikia nguo. Hata hivyo, viota vimo, na kiota ni kitambulisho kizuri kwa anayeanza kujifunza, kwa sababu hakiruki.

Kiota kilichofumwa kwa majani mabichi na kuning'inia tawini, mlango ukielekea chini, ni cha kwera. Kifuko kidogo kinachoning'inia, chenye mlango ubavuni na nyuzi za buibui, ni cha chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayefyonza maji ya maua. Kikombe chepesi ndani ya kichaka huenda ni cha shore, mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Vijiti vichache vilivyopangwa kizembe, hata mayai mawili yakaonekana kwa chini, ni kazi ya njiwa au tetere. Tope lililogandishwa chini ya paa ni la mbayuwayu. Na hapa Moreau anatusaidia: mbayuwayu wa Ulaya hufika kwetu msimu wa baridi ya kwao, lakini hawajengi hapa. Wanaolea makinda chini ya paa la Huruma ni wenyeji.

Mtazamaji hahitaji darubini wala bunduki. Anahitaji daftari, saa na subira. Aandike tarehe kiota kilipoanza, siku jike alipoanza kuatamia, siku makinda walipoanguliwa na siku waliporuka. Asimame mbali, asishike mayai, wala asikate tawi ili aone vizuri, kwani kiota kilichofunuliwa ni chakula cha kunguru. Kisha afanye lile la pili ambalo Moreau alilifanya: amuulize jirani ndege huyo anaitwaje. Katika ploti moja ya Huruma huenda akapata jina la Kinandi, la Kiluhya, la Kikuyu na la Kiswahili kwa ndege mmoja. Hiyo ni data ya tasnifu, na inazidi kupungua kadiri wazee wanavyoondoka na vijana wanavyotosheka na neno ndege.

Hitimisho

Maisha ya Moreau yanaonyesha kwamba maarifa makubwa kuhusu Afrika ya Mashariki yalipatikana kwa kukaa chini ya kiota na kwa kuwasikiliza wenyeji. Yanaonyesha vilevile kwamba wenyeji waliotazama na kutaja majina hawakuwa ndio waliotia sahihi. Wanafunzi wa Kiswahili wa leo wanayo kalamu ambayo Salimu Asmani hakupewa, na lugha ambayo Moreau aliisikiliza kama mgeni wao wanaizungumza nyumbani. Tunapendekeza kwamba vyama vyetu vya Kiswahili vianze kukusanya majina ya ndege wa mitaa tunamoishi, kila jina likiandikwa pamoja na maelezo ya kiota, na pamoja na jina la aliyelitaja, iwapo ameridhia.