Graham Bell: Mvumbuzi wa simu aliyepima masikio ya watoto

KILA mwaka, Machi 3, dunia huadhimisha Siku ya Usikivu. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu tarakimu mbili za 3, ya siku na ya mwezi, zina umbo linalofanana na masikio mawili ya binadamu. Kwa sadfa tu, ndiyo siku aliyozaliwa Alexander Graham Bell, mwaka 1847, katika mji wa Edinburgh, Scotland.

Jina la Bell si geni kwa wengi. Ndiye aliyepewa hataza ya simu nchini Marekani Machi 7, 1876, na kwa sababu hiyo akapata utajiri, umaarufu na kesi zisizokwisha mahakamani. Wasiojua wengi ni kwamba yeye mwenyewe alijihesabu kwanza kuwa mwalimu wa viziwi, na kwamba kutokana na simu hiyo hiyo alitengeneza chombo cha kupima usikivu wa watoto.

Uziwi ulikuwa nyumbani kwake tangu utotoni. Mama yake, Eliza, alikuwa na usikivu hafifu mno, na watu wengi walizungumza naye kwa mrija uliowekwa sikioni. Kijana Bell aligundua njia nyingine: alisogeza mdomo karibu na paji la uso wa mama yake na kusema kwa sauti nzito na ya chini, naye akaihisi mitetemo. Baba yake, Alexander Melville Bell, alikuwa mtaalamu wa matamshi aliyebuni maandishi ya kuonyesha jinsi ulimi, midomo na koo vinavyotoa kila sauti.

Kifua kikuu kiliwaua kaka na mdogo wake, na mwaka 1870 wazazi wakahamia Canada pamoja na mtoto pekee aliyebaki. Mwaka uliofuata Bell alikwenda Boston, Marekani, kufundisha matumizi ya maandishi ya baba yake katika shule ya watoto viziwi. Miongoni mwa wanafunzi wake wa baadaye alikuwamo Mabel Hubbard, aliyepoteza usikivu akiwa na umri wa miaka mitano hivi baada ya kuugua homa ya vipele vyekundu. Walifunga ndoa Julai 1877.

Chombo cha kupima

Katika zama hizo, kupima usikivu wa mtoto kulikuwa kazi ya kubahatisha. Daktari alinong'ona, alipiga kengele au alisogeza saa ya mfukoni karibu na sikio, kisha akakadiria. Hapakuwa na namna ya kulinganisha mtoto mmoja na mwingine, wala kipimo cha leo na cha mwaka ujao. Mtoto aliyesikia nusu nusu aliweza kukaa darasani miaka mingi akihesabiwa kuwa mzembe au mzito wa kuelewa.

Mwaka 1879 Bell alitengeneza audiometa. Wakati huo huo, mjini London, David Edward Hughes naye alikuwa amebuni chombo cha aina hiyo. Katika chombo cha Bell, koili mbili za waya ziliwekwa kwenye kipande kilichochorwa vipimo kama rula. Koili moja ilipitishiwa umeme unaokatikakatika, na nyingine iliunganishwa na kipokea sauti cha simu alichoshikilia mtoto sikioni. Kadiri koili zilivyotenganishwa, ndivyo sauti ilivyofifia. Umbali ambao mtoto aliacha kusikia ulisomwa kwa namba.

Katika miaka ya 1880 Bell aliwapima mamia ya wanafunzi wa shule za Washington. Matokeo yalionyesha kwamba upungufu wa usikivu ulikuwapo hata miongoni mwa watoto wa shule za kawaida. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi yake: kati ya kusikia na kutosikia kuna ngazi nyingi, na kila ngazi inaweza kupimwa.

Mwaka 1886 mzazi mmoja kutoka Alabama alimpelekea binti yake wa miaka sita, asiyeona wala kusikia. Bell alimwelekeza kwenye taasisi ya Perkins mjini Boston, ambayo ilimtoa mwalimu Anne Sullivan. Mtoto huyo alikuwa Helen Keller, ambaye mwaka 1903 alikitabaruku kitabu cha maisha yake kwa Bell.

Upande wa pili

Hata hivyo, si viziwi wote wanaomkumbuka kwa shukrani. Bell aliamini kwamba mtoto kiziwi anapaswa kufundishwa kusema na kusoma midomo, na alipinga lugha ya alama shuleni. Mwaka 1883 aliwasilisha andiko mbele ya wanasayansi wa Marekani akihofia kwamba ndoa za viziwi kwa viziwi zingezaa jamii ya viziwi. Hakupendekeza sheria ya kuzikataza, lakini alitaka shule za bweni, lugha ya alama na walimu viziwi viondolewe.

Mwelekeo huo ulikuwa umekwisha kupata nguvu katika mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, mwaka 1880. Katika shule nyingi, watoto walizuiwa kutumia mikono yao kuzungumza. Ilichukua miaka 130 kabla ya mkutano wa mfululizo huo huo, uliofanyika Vancouver mwaka 2010, kueleza majuto kwa madhara yaliyotokea.

Bell alifariki dunia Agosti 2, 1922, nyumbani kwake Nova Scotia, Canada, akiwa na umri wa miaka 75. Wakati wa maziko yake, simu za Amerika Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja.

Katika miaka hiyo ya 1920, wahandisi wa simu waliipa jina lake sehemu ya kipimo cha sauti: desibeli, yaani moja ya kumi ya beli. Mtoto anapovalishwa vipokea sauti hospitalini na kuambiwa anyooshe mkono kila anaposikia mlio, matokeo huandikwa kwa kipimo hicho. Namba hiyo humweleza mzazi kiasi ambacho mtoto wake anasikia. Lugha atakayolelewa nayo, ya mdomo au ya mikono, ni swali ambalo chombo cha Bell hakikuweza kulijibu.