Albert Schweitzer, Mtu Aliyejiwekea Mwaka wa Kuondoka

Wako watu wanaoondoka kwao wangali vijana, kabla hawajawa na kazi yo yote mkononi. Wako na wengine wanaongoja mwaka hata mwaka, mpaka miguu imekuwa mizito, wasiondoke kabisa. Habari za Albert Schweitzer, tabibu wa Lambaréné, zatuonyesha njia ya tatu: kungoja kwa kiasi, kisha kwenda siku ilipotimia.

Alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 mjini Kaysersberg katika Alsace, nchi ambayo siku zile ilikuwa chini ya Wajerumani, na leo ni sehemu ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri katika kijiji cha Günsbach. Huko mtoto akakua katika nyumba yenye amani, akajifunza kinanda. Hata alipokuwa na miaka tisa aliweza kushika mahali pa mpiga kinanda wa kanisa wakati wa ibada.

Ikawa siku za Pentekoste mwaka 1896, naye ana miaka 21, amerudi Günsbach kupumzika. Asubuhi moja alipoamka, aliwaza ya kuwa heri aliyopewa si mali yake tu, bali imempasa kutoa kitu badala yake. Akakata shauri kabla hajaondoka kitandani: mpaka atakapotimiza miaka 30 atajifunza elimu na muziki, na baada ya hapo atajitoa kuwatumikia watu. Ni kazi gani, na katika nchi gani, hakujua bado. Alijua mwaka tu.

Miaka ile hakuipoteza. Mwaka 1899 alipata udaktari wa falsafa, na mwaka uliofuata shahada ya elimu ya dini. Alihubiri katika kanisa la Mtakatifu Nikolao mjini Strasbourg, akafundisha katika chuo kikuu, akaandika kitabu kikubwa juu ya Johann Sebastian Bach. Jina lake likajulikana. Hapo ndipo penye jaribu la mtu angojaye: kadiri anavyofanikiwa kwao, ndivyo kamba za kumfunga zinavyoongezeka.

Mwaka 1904 alikuta mezani pake gazeti la Misioni ya Paris, akasoma habari za upungufu wa watumishi katika nchi ya Gabon. Alipokwisha kusoma alijua mahali pake. Akataka kwenda kama tabibu, maana kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa maneno, na sasa alitaka kazi ya mikono. Tarehe 13 Oktoba 1905, alipokuwa na miaka 30, alitia katika posta ya Paris barua za kuwaarifu wazazi na rafiki zake kwamba ataanza kusoma utabibu.

Ndipo yalipoanza mashindano. Rafiki walimwambia ya kuwa anaizika talanta yake. Wengine wakadhani amevunjika moyo kwa ajili ya mapenzi. Mwalimu wake wa kinanda, Widor, alimfananisha na jemadari anayeshika bunduki na kwenda kupigana mstari wa mbele. Wala hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Mtu wa miaka 30 kuketi darasani na vijana, kujifunza mifupa na madawa tangu mwanzo, ni jambo gumu. Naye mwenyewe alichoka mno, kwa kuwa hakuacha kuhubiri wala kufundisha. Alimaliza mitihani mwaka 1911. Mwaka 1912 akamwoa Helene Bresslau, aliyekuwa amejifunza uuguzi ili waende pamoja.

Misioni yenyewe ilikuwa na mashaka juu ya mafundisho yake, ikamkubali kwa sharti afanye utabibu tu. Akakusanya fedha mwenyewe. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 21 Machi 1913, wakaondoka Günsbach, na tarehe 16 Aprili wakafika Lambaréné, kando ya mto Ogowe. Alikuwa na miaka 38. Chumba chake cha kwanza cha kutibia kilikuwa banda la kuku.

Gharama hakuijua yote mbele. Vita ilipoanza mwaka 1914, yeye na mkewe waliwekwa chini ya ulinzi wa Wafaransa kwa kuwa walikuwa raia wa Ujerumani. Mwaka 1916 mama yake aliangushwa njiani na farasi wa askari, akafa, na mwana yuko mbali. Mwaka 1917 wakapelekwa Ufaransa kama wafungwa. Alirudi kwao mgonjwa, mwenye madeni.

Basi ikampasa kukata shauri mara ya pili, na safari hii hakuna mwaka uliowekwa tangu ujana. Aliondoka tena mwaka 1924, ana miaka 49, akamwacha mkewe ambaye afya yake ilikuwa dhaifu, na binti yao wa miaka mitano. Shauri la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza, maana sehemu kubwa ya mzigo iliwekwa juu ya mabega ya wengine.

Tena haifai kuficha upungufu wake. Lugha za watu wa Ogowe hakuzijua; alisema nao kwa wakalimani muda wote. Aliwahesabu Waafrika kama ndugu wadogo, wala hakuwapa nafasi ya kuongoza pamoja naye. Aendaye ugenini akiwa mtu mzima huchukua elimu nyingi, lakini huchukua na mazoea yaliyokwisha kukauka.

Alipewa Nishani ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952. Alikufa Lambaréné tarehe 4 Septemba 1965, mwenye miaka 90, akazikwa huko huko.

Ndugu msomaji, ukiwaza kwenda nchi ya mbali, kwa kazi au kwa masomo, usiulize tu kama wewe ni kijana mno au mzee mno. Uliza unangoja ili ujitayarishe, au unangoja kwa hofu. Aliye na mwaka wake hujitayarisha. Uliza pia ni nani atakayebaki nyuma, ukaseme naye kabla hujafunga mzigo.