Lenana na Ahadi za Watu

Bonde la Naivasha na Nakuru, ambalo wazee wetu wa pwani walilijua kwa misafara ya pembe, lilikuwa malisho ya Wamasai. Laiboni wao mkuu, Mbatiany, alifariki karibu na mwaka 1890, na wanawe wawili, Lenana na Sendeyo, wakagombea urithi wake. Hatumtaji Lenana kwa ajili ya utabiri, maana elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu pekee. Twataka kutazama jinsi misukosuko ilivyomfunza kuwapima wanadamu.

Miaka hiyo sotoka iliwamaliza ng'ombe, ndui ikaua watu, na njaa ikafuata. Juu ya hayo, ndugu wawili wakapigana. Mwaka 1894 watu wa Lenana walikimbilia karibu na boma la Waingereza, Fort Smith, katika nchi ya Wakikuyu. Aliyemtisha alikuwa mwana wa baba yake. Aliyempa hifadhi alikuwa mgeni. Si ajabu basi ikiwa alihesabu kwamba damu haizuii uadui, na kwamba mwenye nguvu akipewa mkono hutimiza neno lake. La kwanza alilishuhudia kwa macho.

La pili nalo lilipata ushahidi. Mwaka 1895, katika bonde la Kedong, kusini ya Naivasha, Wamasai waliua mamia ya watu wa msafara, Waswahili na Wakikuyu. Tuseme kweli ingawa ni chungu kwetu: uchunguzi wa Waingereza wenyewe ulionyesha kuwa uchokozi ulianzia kwa watu wa msafara. Serikali haikuwapelekea Wamasai jeshi.

Sendeyo alifanya suluhu mwaka 1902. Agosti 1904 Lenana na wakubwa wenzake walitia alama zao katika mkataba: Wamasai waliondoke bonde, walowezi walichukue, nao wapewe Laikipia na nchi ya kusini kwa muda wote watakaokuwako duniani. Muda huo ulikuwa miaka 7.

Lenana alikufa Machi 1911. Maofisa wakatangaza kwamba aliusia watu wake waitii Serikali na kuhama Laikipia waende kusini. Ikiwa aliyasema hayo au alisemewa, maiti hawezi kukanusha. Mwezi uliofuata ukaandikwa mkataba mpya, na Laikipia ikatwaliwa. Wamasai wa huko walikwenda kortini. Mwaka 1913 shauri lao lilitupwa, kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa mambo ya dola na dola, wala korti haikuwa na amri juu yake.